Makanga wa Njaa

Msomaji mmoja wa Tala ameniuliza swali zito. Vijana anaowajua wananunua vidonge vya kuongeza hamu ya kula ili wanenepe, kisha wanavuta bangi juu yake. Vyote viwili huleta njaa, anasema, sasa ubaya uko wapi?

Bangi sina haja ya kuieleza. Mwaka 2022 NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ilikadiria kuwa Wakenya 518,807 wanaitumia. Twende kwenye kidonge. Kinachotumika sana ni siproheptadini, dawa ya mzio ya tangu miaka ya 1960. Njaa ni athari yake ya kando iliyogeuzwa biashara.

Ndani ya ubongo, sehemu ya haipothalamasi, kuna seli za neva ziitwazo POMC. Mfikirie makanga pale steji ya Tala, matatu ikielekea Nairobi. Viti vikijaa anagonga bodi, dereva anang'oa. Kazi ya POMC ndiyo hiyo: kutangaza shibe. Anayemnong'oneza makanga kwamba gari limejaa ni kemikali iitwayo serotonini, ikigusa kipokezi chake (nashikilia "kipokezi", "kipokeaji" kinanichosha ulimi). Siproheptadini hukikalia kipokezi hicho kimya. Makanga kazibwa masikio. Abiria wamebanana, yeye hana habari.

Bangi hufanya la ajabu zaidi. Mwaka 2015 kundi la Tamas Horvath wa Chuo Kikuu cha Yale lilichunguza panya waliopewa kemikali za jamii ya bangi. Ungedhani seli za POMC zingenyamaza. Wapi! Zilichangamka. Kilichobadilika ni ujumbe: badala ya homoni ya shibe, zikamwaga endofini, inayochochea ulaji. Makanga yuleyule, sauti ileile, ila sasa gari limefurika naye anaita, "Mmoja bado! Mmoja bado!" Kila nikiyasoma matokeo hayo nafurahi upya.

Lakini ubaya haumo kwenye njaa. Siproheptadini huziba pia vipokezi vya asetilikolini, kemikali ambayo kupitia neva ya vagasi ndiyo breki ya moyo. Bangi nayo huongeza mapigo, mara nyingi 20 hadi 50 kwa dakika. Breki zimelegezwa huku mafuta yakikanyagwa. Juu ya hayo, vyote viwili huleta usingizi, na huyo kijana huenda jioni ana abiria wa boda boda kwenye barabara ya Kangundo.

Dozi ikizidi, mboni hupanuka, mkojo hukwama, mtu huweweseka na kuona visivyokuwapo. Hapo ndipo ninapoogopa zaidi, kwa sababu nyumbani watasema ni bangi tu, mwacheni alale. Asiachwe. Akimbizwe hospitali, Kangundo si mbali, na pakiti ya vidonge ipelekwe pamoja naye. Daktari aliyeambiwa habari ya bangi peke yake hatajua kutafuta dawa iliyoziba ile breki.