Beberu Lazima Awe na Pembe

Mbuzi anaowakamua mama mwenye banda hawana pembe hata mmoja. Beberu anayewapanda, mali ya jirani wa bonde la pili, ana pembe zilizopinda nyuma mpaka zinakaribia mabega. Mama anasema siku jirani akimwondoa huyo na kuleta asiye na pembe, yeye atawaswaga mbuzi wake hadi kijiji kingine, hata kama ni mwendo wa nusu siku. Nikamuuliza kama ni mwiko wa ukoo. Akacheka mpaka akashika nguzo ya banda.

"Mwiko gani, mwanangu? Hii ni hesabu."

Nilikuwa nimepanda Nyandira, tarafa ya Mgeta, kwa habari ya maziwa. Wengi wetu tunaijua Mgeta kwa kabichi, karoti na njegere zinazoshushwa kwa malori kutoka Uluguru. Mbuzi wa maziwa waliletwa huku miaka ya 1980 kupitia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Asili yao ni Norwe, na baridi ya mlima haikuwasumbua. Mbuzi wa kienyeji maziwa yake humtosha mtoto wake, basi. Hawa waliochanganya damu hutoa lita moja hadi mbili kwa siku, na hawahitaji uwanja: mteremko wa Mgeta ng'ombe angeuona kwa mbali tu. Wanakaa ndani ya banda la mbao lililoinuliwa, sakafu ina nafasi, samadi inadondoka chini na kuzolewa kwenda kwenye matuta ya kabichi. Hayo yote nilikuwa nimeyasoma kabla ya kupanda. La pembe sikuwa nimelisikia popote.

Mama huyu, aliyeomba nisiandike jina lake kwa sababu ambazo msomaji ataziona mbele, aliniletea kitoto cha siku tatu na kuniambia nikipapase utosi. Nikapapasa. Ngozi ilikuwa inateleza huku na huku juu ya mfupa, kama kofia isiyombana mvaaji, na manyoya yamelala vizuri. Akanipa ndugu yake pacha. Huyu manyoya ya utosini yamejizungusha mahali pawili, na pale kwenye mizunguko ngozi imeshika, haisogei hata ukiisukuma kwa kidole gumba. "Huyo wa pili ana pembe," akasema. "Bado hazijatoka, lakini zipo." Nilirudia mara kadhaa, huyu kisha yule, mama mbuzi akinilalamikia muda wote kutoka kwenye kihori.

Hesabu yenyewe alifundishwa na hasara. Miaka ya nyuma alikuwa na beberu wake mwenyewe, mweupe, asiye na pembe, na majike wasio na pembe. Alipenda hivyo: pembe hunasa kwenye mbao za kihori, humjeruhi mwenzake, na siku moja zinaweza kumtoa mtoto jicho. Akazaliwa jike mzuri kuliko wote. Akamlea kwa majani ya lukina na pumba, akamtengea jiwe lake la chumvi, akasubiri. Mbuzi jike hurudi kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi. Hupiga kelele, hutikisa mkia, hukataa kula. Yule hakupiga kelele. Miezi ikapita, shingo ikaanza kunenepa, na akaanza kuwapanda wenzake. Msimu wa pili akanuka beberu.

"Nikasema nimerogwa," mama anasimulia, bila aibu yoyote. "Mbuzi wangu jike ananuka dume!"

Afisa mifugo alipokuja alimwinua mkia, akamwonyesha mama kinyama kidogo kilichochomoza chini ya tundu la mkojo. Kilikuwapo tangu siku ya kuzaliwa, sema hakuna aliyekiangalia. Alikuwa huntha. Hatazaa, na asiyezaa hakamuliwi. Aliishia sufuriani, na mama anakiri kwamba nyama ile hakuila.

Maelezo ya kitaalamu ni mafupi, na yanamuunga mkono. Katika aina hii ya Norwe, kama ilivyo kwa Saanen, Toggenburg na Alpine, wapo wenye pembe na wapo wanaozaliwa bila. Mwaka 2001 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba kwa mbuzi wasio na pembe kuna kipande cha kinasaba kilichokosekana, herufi kama 11,700. Pengo hilohilo linaloondoa pembe ndilo linalovuruga ovari. Mbuzi akilirithi kwa mzazi mmoja tu, hukosa pembe na huzaa kama kawaida. Akilirithi kwa wazazi wote wawili, jike hugeuka huntha; dume hubaki dume, ingawa baadhi hawazalishi. Wakikutana wazazi wawili wasio na pembe, waliobeba pengo moja moja, robo ya watoto hulipata mara mbili, na nusu ya hao walitakiwa kuwa majike. Mmoja kati ya wanane. Ni wachache kiasi kwamba mtu anaweza kufuga muda mrefu akidhani ana bahati mbaya tu. Mwenye pembe hawezi kulificha pengo hilo: angekuwa nalo, asingekuwa na pembe. Ndiyo maana beberu wa jirani anathaminiwa.

Harufu yake ni jambo jingine. Mama hataki akae karibu na banda la kukamulia, kwa kuwa maziwa hushika harufu upesi. Jike akiingia joto hupelekwa, akirudi hukaa nje kwanza. Kukamua kwenyewe hakuchukui muda: kiwele huoshwa kwa maji ya uvuguvugu, matone ya kwanza huangukia kikombe cheusi ili mabonge yaonekane kama yapo, kisha kidole gumba na cha shahada hubana juu ya chuchu na vingine hufuata. Maziwa ni meupe kuliko ya ng'ombe. Huchemshwa papo hapo. Ugonjwa wa kutupa mimba humwingia mtu kupitia maziwa mabichi, na homa yake hurudirudi. Nikamuuliza kuhusu wachanga, maana mjini nimesikia watu wakiyasifu maziwa haya kama mbadala wa ziwa la mama. Akakunja uso. Yuko sahihi: yana upungufu wa foleti, na mtoto mchanga aliyelelewa kwa hayo peke yake huweza kupungukiwa damu.

Ila tulipofika kwenye soko, sauti yake ilibadilika.

Wanunuzi wa kutoka mjini wanataka mbuzi asiye na pembe. Ni mzuri wa sura, hatishi watoto, na wapo wanaoamini ana maziwa zaidi. Wanachukua dume na jike, wote laini utosini, wanapakia na kuondoka. Kuna muuzaji anayewaeleza? Mama alinitazama kidogo. "Wengine hawajui. Wengine wanajua." Yeye mwenyewe aliwahi kuuza jozi ya namna hiyo, baada ya kujua. Ada ilikuwa inadaiwa. Anasema alimwambia mnunuzi atafute beberu mwingine, na mnunuzi aliitikia huku akihesabu noti. Kama alisikia, hajui.

Sasa ni wale pacha niliowapapasa. Mama yao ndiye mbuzi anayeongoza kwa maziwa bandani, na wote wawili ni madume. Mwenye pembe ni mdogo na hanyonyi vizuri. Asiye na pembe ni mnene, na tayari mtu wa Morogoro mjini ameshamtaka awe beberu nyumbani kwake, ambako ana majike watatu. Mama alimuuliza kwenye simu kama wana pembe. Hawana. Akamweleza habari yote, pengo na huntha na kinyama chini ya mkia. Mtu yule akadhani anapandishiwa bei, akaongeza pesa.

Akimhasi, mbuzi anakuwa wa nyama na bei inaanguka. Asipomhasi, anajua kitakachozaliwa mjini. Shamba na banda ni vya ukoo wa mama yake, kama ilivyo desturi ya Waluguru, hivyo hakuna mwingine wa kumwamulia. Mnunuzi ameahidi kuja na gari mtoto akiacha kunyonya. Koleo la kuhasi liko kwa afisa mifugo wa kata, na mama bado hajampigia.