Makundi Sogozi na Ushiriki wa Mwanafunzi katika Somo la Kiswahili

Makusudi ya makala haya ni kueleza namna makundi sogozi ya WhatsApp yanavyoweza kutumiwa kukuza ushiriki wa wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vikuu vya Kenya, na kubainisha mipaka ya matumizi hayo. Neno ushiriki lahitaji kufafanuliwa mapema, maana aghalabu huchanganywa na mahudhurio. Mwanafunzi aliyeketi ukumbini amehudhuria. Aliyeleta hoja, au akaipinga ya mwenzake kwa ushahidi, huyo ndiye aliyeshiriki. Katika ukumbi uliojaa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, hawa wa pili huwa wachache, na aghalabu ni walewale juma baada ya juma.

WhatsApp ilianza mwaka 2009, na ujumbe wa sauti ukaongezwa mwaka 2013. Hapa kwetu makundi ya madarasa yalikuwako hata kabla ya vyuo kufungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya korona, lakini ni kipindi hicho kilichowaingiza humo wahadhiri wengi waliokuwa wakiyapuuza. Vyuo vilipofunguliwa makundi yalibaki, ila mengi yamebaki kuwa ubao wa matangazo tu: ukumbi umebadilishwa, kazi iletwe Ijumaa. Wanafunzi hujibu kwa alama ya kidole gumba, na mhadhiri akiviona vidole hamsini hudhani kwamba darasa lake li hai.

Ushiriki huanza pale swali linapoulizwa ambalo halijibiki kwa kidole. Nitatoa mfano mmoja wa sarufi. Kwa nini twasema ng'ombe wangu na mbwa wangu, lakini rafiki yangu na ndugu yangu, hali majina yote haya ni ya viumbe wenye uhai? Jibu la kwanza huwa kwamba y- huonyesha mapenzi. Halikai muda mrefu, kwani yupo atakayeuliza habari za adui yangu. Mwingine atasema ni ukaribu wa uhusiano, wala si mapenzi. Naye atapingwa kwa mke wangu, mtoto wangu na mjomba wangu, watu wa karibu mno ambao hata hivyo huchukua w-. Hapo ndipo umbo la jina linapoingia katika mjadala: mke, mtoto na mjomba yana kiambishi cha m-, ilhali rafiki, ndugu na adui hayana. Mwanafunzi wa Pwani ataongeza nduguye na mkewe, maumbo ya mkato yanayohifadhi tofauti ileile. Mwishowe darasa linatambua kuwa umbo peke yake halitoshi (ng'ombe nalo halina m-) wala maana peke yake haitoshi. Ukumbini, kwa saa mbili, mhadhiri angelieleza jambo hili mwenyewe kwa dakika kumi, nao wangeliandika.

Tofauti kubwa hapa ni muda. Kundi humpa mwanafunzi siku mbili za kutafuta mfano, kumwuliza nyanya yake nyumbani, kufuta na kuandika upya. Jambo hili si geni katika fasihi yetu. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mombasa na Lamu zilipokuwa katika uhasama, Muyaka bin Haji na Zahidi Mngumi walijibizana kwa mashairi yaliyosafiri baina ya miji hiyo miwili, na kila upande ulipata nafasi ya kulipima neno la mwenziwe kabla ya kulijibu. Kwa hiyo mhadhiri afanye subira. Akilijibu swali lake jioni ileile, mjadala umekwisha.

Ujumbe wa sauti nao una faida ambayo maandishi hayana. Tahajia yetu sanifu haionyeshi mpumuo, hivyo paa la nyumba na paa wa mwituni huandikwa namna moja, ingawa msemaji wa Kimvita huyatamka mbalimbali. Vivyo hivyo kuna t ya menoni na t ya ufizini. Mwanafunzi wa Mombasa akituma sauti yake, wenziwe wa Kakamega na Nyeri husikiliza mara kumi wapendapo. Mhadhiri ambaye hakuzaliwa Pwani hupunguziwa taabu ya kuigiza.

Kuhusu Sheng, ambayo hutawala makundi haya, sioni faida ya kuipiga marufuku. Anayeogopa kusahihishwa hunyamaza. Lililo muhimu zaidi ni kwamba kila juma mwanafunzi mmoja, kwa zamu, aandike muhtasari wa mjadala kwa Kiswahili sanifu na kuusoma ukumbini. Kazi hii humfundisha kuhamisha hoja kutoka rejista moja hadi nyingine, nayo hurudisha mjadala mbele ya darasa zima.

Hili la mwisho ni la lazima, kwa kuwa si wote waliomo kundini. Yupo asiyekuwa na simu ya kufaa, na yupo anayepima kati ya bando na chakula cha mchana. Wengine wamo lakini hawaandiki neno. Mhadhiri akitoa alama kwa wingi wa ujumbe, atakuwa amewatuza wenye simu na wenye maneno mengi. Alama, kama ni lazima zitolewe, ziwe za muhtasari, ambao huweza kuandikwa kwa kalamu baada ya kuwasikiliza wenzake.

Limebaki suala la namba za simu. Kila aingiaye katika kundi la kawaida namba yake huonekana na wote, na wanafunzi wa kike hasa hupokea ujumbe wa usiku wasioutaka. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huhesabu namba hiyo kuwa data ya mtu binafsi. Kwa hivyo yafaa mwanafunzi aombwe idhini kabla ya kuingizwa, na anayekataa apewe njia nyingine ya kuleta hoja zake. Msimamizi awe mhadhiri pamoja na viongozi wawili wa darasa, mmoja wa kike, na kundi lifungwe mtihani wa muhula unapomalizika.