Diski Kubwa ya USB katika Mashine Kongwe ya Michezo: Maelezo na Istilahi, kwa Mfano wa Uvira

1.0 Utangulizi

Makala hii inaeleza jinsi programu za mashine za michezo ya video, hasa zile zinazoandikwa na mafundi huru wasioajiriwa na kampuni zilizounda mashine hizo, zinavyowezeshwa kusoma diski kubwa za USB. Huenda msomaji wa taaluma za Kiswahili akajiuliza jambo hili linamhusu nini. Linamhusu kwa sababu ufundi wa namna hii hufundishwa kwa mdomo, fundi kwa mwanafunzi wake, na katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki na Kongo ya mashariki mafunzo hayo hutolewa kwa Kiswahili. Istilahi isipokuwa wazi, hasara yake huonekana mara moja: diski iliyojaa kazi ya miaka hufutwa kwa kubonyeza kitufe kimoja.

Mji wa Uvira, ulioko kaskazini-magharibi mwa Ziwa Tanganyika, mkabala na Bujumbura, unafaa sana kuwa mfano. Hapo Kifuliiru, Kivira na Kibembe husemwa majumbani, Kiswahili hutawala sokoni na barabarani, na Kifaransa ndicho lugha ya shule za juu na ofisi. Mpaka wa Burundi uko karibu, na bandari ya Kalundu inauunganisha mji na Kalemie na Kigoma. Kwa hiyo vifaa vya elektroniki huweza kufika vikiwa na maandishi ya Kifaransa au ya Kiingereza, na fundi hana budi kuyafasiri yote mawili kwa Kiswahili. Inakusudiwa hapa kuonyesha kwamba tatizo la diski kubwa ni tatizo la kuhesabu, na kwamba likishaelezwa hivyo Kiswahili kina maneno ya kutosha ya kulifafanua.

2.0 Mashine na programu zinazohusika

Mfano ulio bora ni mashine ya PlayStation 2. Ilianza kuuzwa Japani tarehe 4 Machi 2000, na kampuni ya Sony ilitangaza mwisho wa utengenezaji wake mapema mwaka 2013. Hadi wakati huo ilikuwa imeuzwa kwa zaidi ya mashine milioni 150 duniani. Mashine nyingi kati ya hizo zingali zinafanya kazi, lakini kifaa chake cha kusomea sahani za DVD huchakaa mapema kuliko sehemu nyingine. Hapo ndipo programu za mafundi huru zilipopata umuhimu wake. Programu iitwayo Open PS2 Loader, ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha, huiwezesha mashine kuusoma mchezo kutoka kwenye flashi au diski iliyochomekwa katika tundu la USB, badala ya sahani. Mwenye sahani yake halali anaweza kuinakili na kuendelea kuutumia mchezo wake hata kifaa cha kusomea kikifa.

Ni muhimu kutenganisha tangu mwanzo mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa, yaani ukubwa na kasi. Matundu ya USB ya mashine hiyo ni ya aina ya 1.1, ambayo ukomo wake ni biti milioni 12 kwa sekunde. Ukigawanya kwa nane, hizo ni baiti milioni moja na nusu tu. Kifaa cha DVD cha mashine hiyohiyo huweza kusoma baiti zaidi ya milioni tano kwa sekunde. Hivyo basi diski kubwa, hata ikiwa mpya na ghali, haitaondoa kukwamakwama kwa picha za sinema zilizomo katika baadhi ya michezo. Kinachoongezeka ni wingi wa vitu vinavyohifadhiwa, wala si wepesi wa kuvifikia.

3.0 Kiini cha tatizo: nafasi ya kuandikia namba

Diski hugawanywa katika vipande vidogo viitwavyo sekta, na kwa kawaida kila sekta hubeba baiti 512. Kila sekta ina namba yake, kuanzia sifuri. Programu ikitaka kusoma kitu, hutaja namba ya sekta na idadi ya sekta zinazohitajika. Swali ni hili: namba hiyo imetengewa nafasi kiasi gani?

Chukua mfano wa karani wa bandarini mwenye daftari ambalo kila mstari una visanduku vinne vya kuandikia namba ya gunia. Magunia ya namba 0000 hadi 9999 yataandikwa bila taabu. Gunia linalofuata lina namba ya tarakimu tano. Karani asiyejali ataandika tarakimu nne za mwisho tu, yaani 0000, na atakayelitafuta gunia hilo ataelekezwa kwenye gunia la kwanza kabisa. Ghala lina nafasi na magunia yapo. Daftari ndilo lililoshindwa.

Hali ya diski ni hiyohiyo. Programu nyingi za zamani zimeitengea namba ya sekta biti 32. Biti 32 huweza kuandika namba 4,294,967,296 zilizo tofauti. Ukizidisha kwa baiti 512 unapata baiti 2,199,023,255,552, nazo ndizo ukomo wa diski kwa hesabu hiyo. Ukomo huohuo umo katika jedwali la sehemu za diski lililoanza kutumika mwaka 1983 pamoja na mfumo wa PC DOS 2.0, kwani nalo huandika mwanzo na urefu wa kila sehemu kwa biti 32. Kwa karibu miaka thelathini watumiaji wengi hawakusumbuka, mpaka diski za terabaiti 3 zilipoingia sokoni mwaka 2010.

Diski ya terabaiti 3 ina sekta 5,859,375,000 hivi. Programu inayoziacha biti zisizoenea katika nafasi yake itaona sekta 1,564,407,704 tu, yaani takriban gigabaiti 800. Mwenye diski hudhani ameuziwa bidhaa ya bandia, kumbe hesabu imekatwa kichwa. Hatari kubwa zaidi hutokea wakati wa kuandika. Sekta ya 4,294,967,296 ikiandikwa kwa biti 32 huwa sekta ya 0, na sekta hiyo ndiyo yenye jedwali linaloeleza diski nzima. Programu za kusomea michezo huandika pia, mathalani zinapohifadhi maendeleo ya mchezaji katika faili inayochukua nafasi ya kadi ya kumbukumbu. Kosa dogo la hesabu linaweza kuifanya diski yote isisomeke.

Kuna ukomo wa pili, ulio karibu zaidi na mtumiaji wa kawaida, nao umo katika mfumo wa faili. Mfumo wa FAT32, uliotolewa mwaka 1996, huandika ukubwa wa kila faili kwa biti 32, na kwa hiyo faili haiwezi kuzidi baiti 4,294,967,295. Sahani ya DVD ya tabaka moja hubeba baiti bilioni 4.7. Mchezo ulioijaza sahani hauenei katika faili moja ya FAT32, na ndiyo sababu mafundi walibuni njia ya kuukata vipande vya gigabaiti moja moja. Aidha, chombo cha kawaida cha Windows kwa miaka mingi kilikataa kupanga FAT32 katika sehemu inayozidi gigabaiti 32, na flashi kubwa zikaanza kuuzwa zikiwa zimepangwa kwa exFAT. Programu isiyojua exFAT huziona flashi hizo kuwa tupu au mbovu.

4.0 Kazi ya kuongeza uwezo

Kazi yenyewe ina hatua kadhaa, na zote lazima zitimizwe pamoja.

Hatua ya kwanza ni ya mazungumzo kati ya mashine na diski. Mashine huiuliza diski sekta yake ya mwisho ni ya ngapi. Swali la zamani hupokea jibu la biti 32. Diski kubwa kuliko hapo hujibu kwa kuijaza nafasi yote ya jibu kwa moja, kana kwamba inasema kuwa nafasi haitoshi. Programu iliyorekebishwa hulitambua jibu hilo na kuuliza upya kwa amri ndefu, ambayo ina nafasi ya biti 64. Kuanzia hapo, amri za kusoma na kuandika nazo hutumia namba ndefu.

Hatua ya pili ni kulisoma jedwali jipya la sehemu za diski, liitwalo GPT, ambalo namba zake ni za biti 64. Hatua ya tatu ni kuuelewa mfumo wa exFAT. Microsoft iliutoa mwaka 2006, lakini maelezo yake kamili yalichapishwa kwa umma mwaka 2019. Mafundi wengi hawaandiki kazi hii upya, bali hutumia maktaba ya programu iitwayo FatFs, iliyoandikwa na fundi wa Kijapani ajulikanaye kwa jina la ChaN. Maktaba hiyo iliongezewa exFAT mwaka 2016, na baadaye uwezo wa namba za sekta za biti 64. Matoleo ya majaribio ya Open PS2 Loader ya miaka ya 2020 yanasoma exFAT kwa kutumia maktaba hiyo.

Hatua ya nne husahaulika kwa urahisi. Baadhi ya diski za nje hutumia sekta za baiti 4,096. Programu iliyoandikwa kwa kudhani kuwa kila sekta ni baiti 512 itasoma mahali pasipostahili hata kama biti zake zinatosha. Hatua ya mwisho ni ya ubanifu. Katika PlayStation 2, shughuli za USB hufanywa na kichakataji kidogo cha biti 32 chenye kumbukumbu ya megabaiti 2 tu. Kichakataji hicho kinaweza kushughulikia namba ya biti 64 kwa kuigawa katika nusu mbili, lakini kila nyongeza katika programu hula kumbukumbu ileile finyu.

Ikumbukwe kwamba mnyororo huu hukatika penye pete dhaifu. Ikiwa hatua zote zinatumia biti 64 na mahali pamoja tu namba ikapitishwa katika nafasi ya biti 32, kosa la karani hurudi. Kwa sababu hiyo majaribio hufanywa kwa faili zilizowekwa kwa makusudi upande wa mwisho wa diski, kwani diski kubwa iliyojazwa nusu tu huenda isiufichue udhaifu huo.

5.0 Istilahi na hatari zake

Mambo matatu ya lugha yanastahili kuangaliwa.

La kwanza ni jina la kipimo. Kwa Kifaransa baiti huitwa kwa neno lenye maana ya kundi la nane, na kifupisho chake ni herufi o. Diski yenye maandishi «2 To» na nyingine yenye «2 TB» zina ukubwa mmoja, lakini mnunuzi asiyeelezwa huweza kuzidhani kuwa tofauti. Hata hivyo, jina la Kifaransa lina faida. Katika Kiswahili sanifu maneno biti na baiti yanakaribiana mno kimatamshi, ilhali yanatofautiana mara nane kwa thamani. Umbo okteti, linaloweza kutoholewa kwa urahisi kutoka Kifaransa, halichanganyiki na biti hata likisemwa katika kelele za karakana. Hapa msemaji wa Kiswahili wa Kongo ana la kuwachangia wenzake wa pwani.

La pili ni hesabu ya kumi na hesabu ya mbili. Watengenezaji wa diski huhesabu terabaiti kuwa baiti 1,000,000,000,000 kamili. Kwa hiyo diski iliyoandikwa terabaiti 2 iko chini ya ukomo wa biti 32, na yaweza kutumika salama katika programu ya zamani, ilimradi sekta na mfumo wake wa faili vinafahamika. Diski ya terabaiti 3 haiwezi. Fundi anayejua tofauti hiyo humwokolea mteja fedha.

La tatu ndilo zito kuliko yote. Diski isiyotambuliwa ikichomekwa katika kompyuta, Windows huweza kupendekeza kwamba diski hiyo ipangwe upya kabla ya kutumika. Wengi husema kufomati, na baadhi ya programu za Kiswahili hutumia kitenzi umbiza, kitenzi ambacho katika uandishi humaanisha kupamba sura ya maneno. Hakuna hata kimoja kati ya vitenzi hivyo kinachomwonya mtu kwamba orodha ya vitu vyake vyote itaondolewa. Anayejua umbiza kwa maana ya kukoza wino atakubali bila hofu. Usemi mrefu zaidi, kufuta na kupanga upya, unasema ukweli wote.

Tahadhari hii ina uzito zaidi mahali kama Uvira, ambako umeme hukatika mara kwa mara. Mfumo wa FAT32 kwa kawaida huweka nakala mbili za jedwali lake la ndani, na exFAT huweka moja. Umeme ukikatika wakati wa kuandika, diski yaweza kuonekana kana kwamba imeharibika kabisa, ingawa faili nyingi zingali zimo. Atakayeitikia pendekezo la kufomati wakati huo ndiye atakayezipoteza.

6.0 Hitimisho

Imeelezwa kwamba kuiongezea programu uwezo wa kutumia diski kubwa ni kuipanua nafasi ya kuandikia namba, kuanzia swali la kwanza ambalo mashine huiuliza diski hadi ukubwa wa faili ya mwisho. Mfano uliotumika ni wa mashine ya michezo, lakini hesabu ni ileile kwa kompyuta kongwe ya shule, na kwa chuo kinachohifadhi kanda za masimulizi katika diski moja kubwa. Wanaisimu hawatarajiwi kuandika programu hizo. Wanachoweza kufanya ni kuwapa mafundi maneno yanayosema kweli, hasa katika maonyo. Sentensi hii, ikiwekwa kwenye kioo mahali pa ile inayohimiza kufomati, ingeokoa mengi: «Programu hii haiwezi kuisoma diski uliyochomeka. Huenda diski ni nzima na vitu vyako vimo. Usikubali kuifuta kabla ya kuijaribu katika mashine nyingine.»