Je, Wajua? Jina la Babu Liko Ukingoni

Ukishika medali ya zamani ya vita, usipoteze muda kumtazama mfalme. Mfalme ni yuleyule kwenye mamilioni ya vipande. Isogeze dirishani, ilaze ubavu, uangalie ukingo wake, ule unene wa nje kama wa sarafu. Mkusanyaji mzoefu huanzia hapo kusoma, na mara nyingi humalizia hapohapo.

Je, wajua kwamba medali ambazo Waingereza waligawa baada ya Vita Kuu ya Kwanza zilipigwa chapa jina la kila aliyepewa? Kwa askari asiye ofisa ni nambari yake ya jeshi, cheo chake, jina na kikosi, yote kwa herufi ndogo zilizogongwa ukingoni. Ile ya fedha, Medali ya Vita ya 1914 hadi 1918, ilitolewa kwa watu kama milioni 6.5. Jenerali na kuruta walipata ileile. Upande mmoja yupo Mfalme George V. Upande wa pili yupo mwanamume uchi wa mnyama juu ya farasi, na kwato za farasi zimekanyaga ngao ya Prussia na fuvu la kichwa. Askari wa Keya, maana ndivyo wazee walivyoiita King's African Rifles, alirudi kijijini na picha hiyo kifuani, na bila shaka kuna bibi aliyetaka maelezo.

Kwa hiyo medali mbili zinazofanana kama pacha zinaweza kuachana mno kwa bei. Moja ukingo wake unamtaja karani aliyekaa ghalani miaka yote ya vita. Nyingine inamtaja mtu aliyekuwa kwenye mapigano ambayo vitabu vinayajua. Mnunuzi halipii fedha, analipia mtu. Na kwa askari wa Kiafrika ukingo una utamu wake wa ziada, kwa sababu jina liliandikwa jinsi karani alivyolisikia. Mjukuu anayemtafuta babu yake lazima alisome kwa sauti, tena kwa masikio ya mgeni, kabla hajakata tamaa. Asishangae pia akikuta cheo cha sajenti kimefupishwa SJT. badala ya SGT.; ndivyo Waingereza walivyokiandika enzi hizo.

Penye thamani hapakosi tapeli. Ujanja wa zamani ni kuchukua tupa, kulikwangua jina la mtu asiyejulikana, na kuchonga la shujaa. Lakini tupa haichagui. Ikila jina inakula na fedha, na medali iliyotakiwa kuwa na upana wa milimita 36 hupungua kidogo. Ndiyo maana wakusanyaji hutembea na kipimo mfukoni pamoja na kioo cha kukuzia. Jambo jingine la kujua: usiisugue. Si kwa majivu, si kwa ndimu, si kwa dawa ya kung'arishia vifungo. Weusi ule wa miaka mia ni ushahidi, na kila ukisugua unazififisha herufi ukingoni. Utepe wa asili nao uache, hata kama umechakaa kama kamba ya mbuzi.

Kuna maadui wakubwa kuliko ndimu. Mwaka 1980 bei ya fedha duniani ilipaa hadi karibu dola 50 kwa aunsi, baada ya ndugu wawili matajiri wa Texas, akina Hunt, kujilimbikizia fedha kwa wingi. Medali ya Vita ina takriban aunsi moja ya fedha safi kama ya vijiko vya kifahari. Nyingi zilipelekwa kuyeyushwa, jina na yote.

Na majina hayo hayakuwa na nakala nyingi. Septemba 1940 mabomu ya Wajerumani yalichoma ghala la kumbukumbu za jeshi jijini London, na sehemu kubwa ya mafaili ya wanajeshi wa Uingereza wa vita ya kwanza ikateketea. Kadi za medali zilinusurika. Kwa maelfu ya watu, karatasi pekee iliyobaki serikalini inayosema fulani alikuwa jeshini ni ile iliyoandikwa ili apewe medali.

Hapo bado tunawazungumzia waliopewa. Baada ya vita hiyo serikali ya Afrika Kusini ilikataa watu weusi wa kikosi chake cha vibarua wapewe medali, ingawa zaidi ya 600 kati yao walikuwa wamezama na meli ya Mendi tarehe 21 Februari 1917. Wenzao wa Basutoland, Bechuanaland na Swaziland, waliofanya kazi ileile, walipewa, lakini ya shaba, si ya fedha. Kwetu wapagazi wa Carrier Corps waliacha jina lao kwenye masoko: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Jina la kundi, si la mtu. Hata sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, haina orodha ya majina. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita ya kwanza, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, huenda hata 350,000, hawakuandikwa popote kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ukiijua hesabu hiyo, ukingo wenye herufi kumi na tano unaanza kuonekana mpana.

Sasa njoo vita ya pili. Askari wa Keya aliyepigana Ethiopia mwaka 1941 kisha akavuka bahari hadi Burma na Divisheni ya 11, ile yenye alama ya kichwa cha kifaru, angeweza kurudi na medali tano, zikiwemo Nyota ya Afrika na Nyota ya Burma. Utepe wa Nyota ya Afrika una rangi ya mchanga wa jangwani, na mistari ya jeshi la nchi kavu, la majini na la anga. Kifua kinang'aa. Lakini safari hii Waingereza hawakuandika majina. Australia, India na Afrika Kusini waliwaandikia watu wao. Uingereza ikaona watu ni wengi mno. Nyota ya Burma ikitengana na cheti cha kuachishwa jeshi inakuwa ya mtu yeyote. Ukiikuta kwenye sanduku la marehemu, funga cheti na medali mfuko mmoja siku hiyohiyo, maana wajomba wakishagawana vitu, mambo yamekwisha.

Na pengo hilo lilimfaa mtu mmoja sana. Idi Amin alipenda kudai kwamba alipigana Burma. Alijiunga na Keya mwaka 1946; vita ilikwisha 1945. Baadaye alijivika kifuani herufi VC, akimaanisha nishani aliyoibuni mwenyewe, Victorious Cross, ambayo kwa bahati njema ilifupishwa sawasawa na Victoria Cross ya Waingereza.

Ile VC ya kweli, ndani ya Keya katika vita ya pili, alipewa Sajenti Nigel Leakey, Mzungu wa Kenya. Tarehe 19 Mei 1941, karibu na Colito nchini Ethiopia, alirukia kifaru cha Waitaliano, akafungua mlango wa juu na kuwapiga risasi waliokuwa ndani, isipokuwa dereva. Aliuawa siku hiyohiyo, na nishani ikatangazwa mwaka 1945. Batalioni yake ilikuwa ya Tanganyika, na ndiyo sababu kambi ya jeshi ya Dar es Salaam iliitwa Colito Barracks. Baada ya uhuru ikabadilishwa kuwa Lugalo, kwa kumbukumbu ya mahali ambapo Wahehe waliwashinda Wajerumani mwaka 1891. Wahehe wale hawakupewa medali na mtu, wakapata kambi nzima.

Wengine walisubiri. Juni 2022, mjini Kinshasa, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvika nishani Koplo Albert Kunyuku wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo ya Wabelgiji, mkongwe wa kampeni ya Burma. Alikuwa na miaka 100.

Na asiye na medali wala cheti atajithibitishaje? Inasimuliwa kwamba mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wa zamani wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki katika vita ya kwanza, mishahara waliyokuwa wakidai tangu 1918. Mhasibu akafika Mwanza na fedha, wazee wapatao 350 wakajipanga. Wachache tu walikuwa na hati. Wengine walileta vipande vya sare. Mhasibu akatafuta ufagio, akampa kila mzee kwa zamu yake, na kumtolea amri za gwaride kwa Kijerumani: bega silaha, heshima toa. Ilikuwa imepita miaka 46. Hakuna hata mmoja aliyekosea.