Maziwa sita kwa siku nne: Hesabu haikubali

Barua ninayoijibu wiki hii imetoka kwa fundi cherehani mmoja wa Ngaramtoni. Anasema kwa miaka miwili amekuwa akiweka akiba kwenye kibubu, na sasa kibubu kimejaa. Likizo ya shule ya mwezi Juni anataka kuwachukua mkewe, watoto wawili na mama mkwe wake aliyekuja kutoka Kahama, wapande Noah ya kukodi, wakatembelee maziwa. Si maziwa ya ng'ombe, anatania mwenyewe, hayo anayo nyumbani. Ameorodhesha sita: Duluti, Momella, Manyara, Eyasi, Natron na Babati. Siku alizonazo ni nne. Anauliza aanze na lipi.

Kwanza nampongeza. Sisi wakazi wa Arusha tumezoea kusimama kando ya barabara tukiyaangalia magari ya watalii yakipita, kana kwamba huko yanakokwenda ni nchi nyingine. Mwaka 2020, wageni walipokatika kwa sababu ya ugonjwa wa korona, ndipo wenye hoteli walipokumbuka kwamba mjini humu nako kuna watu. Kwa hiyo fundi huyu simkatishi tamaa hata kidogo. Ninachopinga ni hesabu yake.

Kosa lipo kwenye ramani. Ukiiweka mezani na kupitisha kidole, maziwa haya yanaonekana kama shanga kwenye uzi mmoja, unaingia huku unatokea kule. Sivyo. Barabara zake zimekaa kama matawi ya mti, na shina lake ni Arusha mjini. Duluti na Momella ziko upande wa barabara ya Moshi. Mengine manne yako upande wa pili, na njia ya kuyaendea ni moja hadi Makuyuni, yapata kilometa 80 kutoka mjini. Hapo ndipo panapogawanyika: ukinyoosha unapita Minjingu na kufika Babati, ukikata kulia unakwenda Mto wa Mbu. Na Mto wa Mbu nayo ni njia panda. Ukipanda mlima unafika Karatu, na toka Karatu unashuka Mang'ola kwenye Ziwa Eyasi. Ukishika kaskazini kupitia Engaruka, unakwenda Engaresero kwenye Ziwa Natron, zaidi ya kilometa 100 toka Mto wa Mbu, na sehemu kubwa ni vumbi, mawe na makorongo. Kila tawi unalopanda ni lazima ulishuke. Fundi amehesabu safari za kwenda tu.

Lakini umbali ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni maji yenyewe, na hapa naomba unisikilize kwa makini, maana ndiko mipango mingi inakoharibikia.

Huko Amerika ya Kusini, kwenye mpaka wa Chile na Argentina, kuna safari maarufu ya maziwa. Mtu anaondoka Puerto Varas na tiketi moja mkononi, anapanda basi, anashuka anapanda boti, anarudi kwenye basi, mpaka anaingia Bariloche. Maziwa yale yanalishwa na mvua na theluji ya milima ya Andes, na kila moja lina mto wa kuyatoa maji kwenda baharini. Nahuel Huapi hutoa maji yake kwa mto Limay upande wa Atlantiki, na Todos los Santos hutoa yake kwa mto Petrohué upande wa Pasifiki. Maji yanaingia, yanatoka. Ndiyo maana ni baridi, ni matamu, na boti zina ratiba.

Maziwa yetu ya Bonde la Ufa ni kinyume chake. Manyara, Eyasi na Natron yamekaa chini ya ukuta wa bonde kama mchuzi ndani ya sahani. Mito inaingia, lakini hakuna hata mmoja unaotoka kwenda baharini. Maji huondoka kwa jua tu. Jua huchukua maji na kuacha chumvi na magadi, mwaka baada ya mwaka, karne baada ya karne. Magadi yale yale unayotia kwenye maharage yaive upesi asili yake ni hesabu hiyo. Tena maziwa haya hayana kina. Manyara, hata likiwa limejaa, sehemu kubwa mtu mrefu anaweza kusimama. Kwa hiyo mvua ikizidi kidogo ziwa linatanuka na kumeza barabara, na ikipungua kidogo ukingo unakimbia, unabaki unatazama uwanja mweupe na mirage ya jua. Mwaka 2020 wenzetu wa Kenya waliona Nakuru, Baringo na Naivasha yakipanda hadi kuingia kwenye nyumba za watu.

Maana yake kwa msafiri ni kwamba picha uliyoiona kwenye kalenda si ahadi. Wale heroe, ambao wengi wetu tunawaita flamingo, wanafuata chakula chao kilichomo majini. Chumvi ikibadilika, chakula kinabadilika, na wao wanahama usiku bila kumuaga mtu. Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kukodi gari ni hili: ziwa likoje wiki hii? Mpigie simu mtu aliyeko huko, si mtu aliye mjini mwenye vipeperushi.

Sasa nimpangie fundi siku zake.

Siku ya kwanza asitoe hela ya kulala popote. Momella na Duluti anakwenda na kurudi akalale kwake Ngaramtoni. Aondoke alfajiri, apite Usa River, akate kushoto kwenda Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Maziwa ya Momella yalizaliwa na Mlima Meru. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wa mashariki wa mlima uliporomoka, tope na mawe yakatambaa hadi huko chini, na mabonde yaliyobaki kati ya vilima vya tope hilo yakajaa maji. Watoto waambiwe wageuke wautazame mlima: ule upande ulio wazi kama kikombe kilichovunjika ndiko udongo waliousimamia ulikotoka. Kila ziwa lina rangi yake, kwa sababu chumvi na mwani vilivyomo havifanani. Simba hawaishi katika hifadhi hiyo, lakini nyati wapo wengi, kwa hiyo kutembea kwa miguu ni pamoja na askari mwenye bunduki. Mama mkwe akipenda sinema za zamani, aelezwe kwamba sehemu ya filamu ya Hatari! iliyotoka mwaka 1962 ilipigwa huko huko Momella.

Jambo moja si la mzaha. Wabebe maji ya kunywa kutoka nyumbani. Maji ya upande huo wa Meru yana madini ya floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na katika maziwa ya Momella wataalamu wamepima mamia. Meno ya kahawia unayoyaona kwa vijana wengi waliokulia kando ya mlima hayatokani na uvivu wa kupiga mswaki. Na kuchemsha hakusaidii, kwani maji yanapungua sufuriani na floraidi inabaki pale pale. Mtoto ambaye meno yake ya ukubwani bado yanajengeka ndiye wa kulindwa zaidi.

Alasiri, wakirudi, waingie Duluti pale Tengeru. Ikiwa ni Jumamosi wajue ni siku ya gulio na barabara itakuwa na shughuli. Duluti ni shimo la volkano lililojaa maji. Huoni mto ukiingia wala ukitoka, linalishwa na maji ya chini ya ardhi, na limezungukwa na msitu wa hifadhi. Ni dogo, lina kivuli, na baada ya vumbi la mchana mama mkwe atalipenda kuliko yote. Watoto wasiogelee. Kingo zake zinateremka ghafla.

Siku ya pili ni Manyara. Hapa kuna siri ya kupunguza gharama. Ukipita Mto wa Mbu na kuanza kupanda mlima kuelekea Karatu, kuna mahali magari husimama na ziwa lote unaliona chini yako bila kulipa kiingilio. Anayetaka tembo na viboko aingie hifadhini, na akiingia ajiulize kwa nini msitu ule ni wa kijani namna ile. Mvua ya nyanda za juu za Ngorongoro hupenya ardhini, ikatembea chini kwa chini, ikafumuka kama chemchemi mguuni pa ukuta wa bonde. Msitu huo haungoji mvua inyeshe juu yake. Walale Mto wa Mbu, kuna nyumba za wageni za bei ya mtu wa kawaida, na chandarua ni lazima kama jina la mji linavyojieleza.

Siku ya tatu fundi ameandika Eyasi na Natron pamoja. Hapo ndipo ninapokataa kabisa.

Natron si ziwa la kupitia. Noah haifai kwa njia ile, linatakiwa gari la magurudumu manne na dereva anayeyajua makorongo. Joto lake ni la kumtia wasiwasi mtu yeyote mwenye mzee garini. Halafu ukifika ukakaa saa mbili ukageuza, hujaona kitu. Robo tatu ya heroe wadogo wa dunia nzima huanzia maisha yao pale, kwenye viota vya matope na magadi katikati ya ziwa. Maji yakizidi, viota vinazama. Yakipungua, fisi na bweha wanavuka kwa miguu na kula makinda. Ndiyo maana mpango wa kujenga kiwanda cha magadi ulipojitokeza mwaka 2006 watu waligombana sana, na ndiyo maana misitu iliyoko Kenya, unakoanzia mto Ewaso Ng'iro unaoingia ziwani, ni habari yetu pia. Juu yake umesimama Ol Doinyo Lengai, volkano iliyolipuka kwa nguvu mwaka 2007, ambayo lava yake ina magadi, jambo lisiloonekana kwenye volkano nyingine hai duniani. Na kwenye majivu yaliyoganda karibu na Engaresero kuna nyayo za watu zaidi ya 400, za maelfu ya miaka iliyopita, wengine walikuwa wakitembea, wengine wakikimbia. Hayo yote yanataka siku tatu na kibubu kingine. Aende mwakani, nje ya masika.

Eyasi nako aache. Mashamba ya vitunguu ya Mang'ola yanapendeza, lakini wengi wanaopelekwa huko hupelekwa kuwatazama Wahadzabe asubuhi moja kana kwamba ni wanyama wa hifadhi, na mimi biashara hiyo sijaipenda.

Badala yake siku ya tatu warudi Makuyuni, washike lami hadi Babati. Mtu asifikiri nampa fundi cha kupozea. Hili ni ziwa la maji matamu, liko mlangoni mwa mji, lina wavuvi na lina viboko. Maji yakijaa hupata njia ya kumwagika, kwa hiyo chumvi haikusanyiki kama kwa jirani yake Manyara. Yakijaa kupita kiasi yanaingia mjini, kama yalivyofanya mwaka 1990. Watoto watakuwa wameona kwa siku tatu maji ya aina tatu, na watalala na kula samaki. Asubuhi ya siku ya nne wapande mtumbwi na mvuvi anayejua viboko wamelala wapi, kila mmoja na jaketi la kuokolea maisha. Asiye nalo abaki nchi kavu, hata kama ni baba. Mchana wanaanza kurudi, na jioni wako Ngaramtoni.

Mambo ya fedha. Langoni mwa hifadhi raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, na hulipa kidogo sana kuliko mgeni, ila ni lazima aoneshe kitambulisho. Vitambulisho vya watu wazima na vyeti vya kuzaliwa vya watoto viwe kwenye mkoba mmoja. Malipo hayapokelewi kwa noti mkononi, kwa hiyo hela iwe benki au kwenye simu kabla ya kuondoka, na simu iwe na chaji. Aulize kibali kinaisha saa ngapi, maana anayechelewa kutoka hulipishwa tena. Aulize pia kama Noah inaruhusiwa ndani wiki hiyo, hasa ikiwa mvua imenyesha.

La mwisho ni dereva. Wengi hukodi gari, wakapatana bei ya siku, wakasahau kwamba dereva naye anakula na kulala. Ugomvi huo huanza Mto wa Mbu saa tatu usiku, watoto wamesinzia kwenye viti. Fundi aandike kwenye karatasi mafuta ni ya nani, chakula cha dereva ni cha nani, na chumba chake ni cha nani, wote wawili waweke sahihi kabla gari halijawashwa.