Vitabu vya Chakula na Sufuria ya Nyumbani

Ndugu mfanyakazi, usinunue kitabu cha chakula kwa sababu ya picha za keki. Jiulize kwanza: vitu vinavyoandikwa humu, bibi yangu atavipata sokoni hapa Likasi?

Kitabu ninachokushauri kwanza ni «Mahali Pasipo na Daktari» cha David Werner. Kilitoka kwa Kispanyola mwaka 1973, na kwa Kifaransa kipo pia. Fungua sura ya 11. Inaeleza kwamba watu wengi wana chakula kimoja kikubwa, kwetu bukari, na kwamba chakula hicho kinahitaji wasaidizi. Bukari inashibisha, lakini peke yake haijengi mwili wa mtoto. Tumbo lake ni dogo; ukimpa uji mwepesi, analijaza maji kabla ya kupata nguvu inayomtosha. Ongeza karanga zilizosagwa, mafuta kidogo, unga wa ndagala au maharagi yaliyopondwa. Ukiona miguu ya mtoto inavimba na nywele zinageuka rangi, usiseme amenona, wala usitafute mchawi. Mlete dispanseri siku ile ile. Ni kwashiorkor. Jina hilo aliliandika daktari Cicely Williams mwaka 1935, akilitoa katika lugha ya Waga wa Ghana: ugonjwa wa mtoto anayeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amekuja.

Anayesoma Kiingereza atafute «Land, Labour and Diet in Northern Rhodesia» cha Audrey Richards, cha mwaka 1939. Ni kinene, lakini kinasema juu ya jirani zetu Wabemba. Mtu alitafuna mahindi mchana kutwa, kisha akasema hajala kitu, maana hakuona ubwali. (Nani kati yetu hasemi hivyo?) Anaonyesha pia kwamba wanaume walipokwenda migodini, mashamba yalikosa wakata miti, na njaa ikazidi kijijini.

Vitabu hivyo havikuandikiwa mtu wa kiwanda, basi mimi naongeza. Sombe itwangwe vizuri na ichemshwe muda mrefu, kwa kuwa majani mabichi ya muhogo yana sumu. Na wewe unayetoka kazini na vumbi la madini, vua nguo za kazi kabla ya kumbeba mtoto, nawa mikono kwa sabuni mpaka ndani ya kucha. Bukari tunaifinyanga kwa vidole, na kilicho juu ya vidole kinaingia tumboni pamoja nayo.