Nyama ya Chomboni na Kiunzi Chake

Hapa Rhotia ng'ombe ni heshima ya mji; ndiyo maana vijana wetu wa madrasa walistaajabu kusikia ya kuwa mwaka 2013, mjini London, Profesa Mark Post alitoa nyama ya ng'ombe iliyooteshwa chomboni, ikakaangwa mbele ya watu. Wakatuuliza: ni halali?

Chembe hai za nyama haziwi mnofu pasipo pa kujishika, mfano wa ngwara isiyo na mti wa kuparamia. Basi wataalamu huzitilia kiunzi cha jeli yenye maji mengi, kinacholiwa pamoja nayo. Na shaka i hapo. Jeli nyingine ni gelatini, itokayo katika ngozi na mifupa, hata ya nguruwe. Nyingine ni ya mwani, zao ambalo dada zetu wa Paje, Unguja, wamelilima tangu 1989. Lakini chembe haziishiki vema mpaka itiwe kitu cha kunata, nacho kiulizwe asili yake.

Mwaka 2024 Baraza la Kiislamu la Singapore lilifutu kuwa nyama hiyo yaweza kuwa halali, iwapo chembe zimetoka kwa mnyama aliwaye na vilivyochanganywa ni safi.

Tuliwajibu hivyo. Mmoja wao, mwana wa mfugaji, akauliza: “Na ng'ombe wetu, maalim, atanunuliwa na nani?” Tukanyamaza.